Daftari la Mama Futi

Shangazi alijulikana mtaa mzima kwa jina la Mama Futi, maana futi ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kwenye ibada. Alishona miaka ishirini na sita katika chumba kimoja cha kupanga, cherehani ikiwa dirishani, na kila mteja alimwandika daftarini: kifua, kiuno, urefu, tarehe. Alisema binadamu hunenepa na kukonda, lakini Mungu na daftari hawasahau.

Asubuhi moja akiwa anapinda sketi, dalali wa mahakama aliingia na karatasi na wapagazi wanne. Alieleza kwamba mwenye nyumba ameshtakiwa na mfanyabiashara anayedai kiwanja ni chake, hakufika mahakamani, akashindwa. Basi wote waliomo watoke. Shangazi akasema yeye hakushtakiwa wala hakuitwa na mtu. Dalali akamjibu hayo akayaseme huko huko. Cherehani ikatolewa nje, meza yake ikavunjika mguu. Shangazi akaketi juu ya debe akaimalizia ile sketi kwa mkono, kwa kuwa mteja aliihitaji kesho yake.

Akahamia kwa kaka yake. Wiki nzima hakugusa sindano. Kaka alimsihi aachane nao, mwenye nguvu mpishe. Yeye alisali, kisha akarudi kuisoma ile karatasi, hadi siku moja wakinywa chai akaanza kucheka peke yake.

"Kaka, hapa wameandika shauri lilifunguliwa mwezi wa saba, mwenye nyumba akaitwa, akakaidi."

"Sasa?"

"Sasa mimi nilidhani ni kesi ya zamani, alipokuwa hai. Kumbe suti yake ya kuzikiwa niliishona mimi, mwezi wa tatu mwaka huo huo. Maskini, angefikaje?"

Daftari likafunguliwa. Kifua arobaini na mbili, suti nyeusi, tarehe, na pembeni: Mungu amlaze pema. Karani wa mahakama aliwaambia daftari si cheti cha kifo. Lakini sasa tarehe walikuwa nayo, wakamfuata mjane wa marehemu kwa wanawe alikohamia, naye akawapa cheti. Shangazi akapeleka maombi yake, kama mtu aliyetolewa kwa kesi isiyomhusu.

Hakimu alisema aliyekwisha kufa hashtakiwi, na hukumu iliyotolewa juu yake ni batili tangu mwanzo. Tena mpangaji hawezi kutolewa bila kusikilizwa. Arudishwe chumbani; mfanyabiashara akitaka, aanze upya na awaite walio hai.

Dalali yule yule ndiye aliyeleta ufunguo, macho chini. Shangazi akamtazama miguuni.

"Mwanangu, suruali yako inaburuta. Njoo Jumatatu nikupunguzie."

Jumatatu akaja, akaandikwa daftarini kama watu wengine.

Miaka mitano zaidi Shangazi alishona pale pale dirishani, meza ikiwa na mguu mmoja wa mti wa rangi nyingine. Mwezi uliopita Mola alimchukua usingizini. Fundi mwenzake alipokwenda chumbani kumshonea gauni la mwisho, kwa cherehani ile ile, alikuta hana haja ya kumpima. Ukurasa wa mwisho wa daftari Shangazi alikuwa amejiandika mwenyewe: kifua, kiuno, urefu. Mahali pa tarehe aliandika: Hii anaijua Mungu.