Uzito wa Wawili Kisimani

Mjomba wangu alikuwa mchimba visima. Watu walimwita Fuko, na jina lilimkaa. Baba yangu ndiye aliyemshikia kamba. Mashemeji hawa walisali kanisa moja na hawakuafikiana hata siku moja.

"Shemeji," baba alikuwa akisema huku anateremsha ndoo, "mtu huokolewa kwa imani tu. Huko mbinguni hakufikiki kwa sururu."

"Basi imani yako na ipandishe udongo huu," Fuko alikuwa akijibu kutoka chini. Yeye alitegemea visima alivyowachimbia wajane bure.

Asubuhi moja, nyuma ya zahanati, ukuta wa kisima ukaporomoka. Udongo ukamfunika Fuko mpaka shingoni. Mikono ilibanwa, hata kidole hakikusogea. Vumbi likaziba mwanga. Akajaribu kuwakumbuka wale wajane, akaona hawamfai kitu mle. Akabaki kusema, "Bwana, sina la kufanya."

Ndipo aliposikia pumzi. Haikuwa yake, yake alikuwa ameibana kwa woga. Ilikuwa kando ya sikio, ya taratibu, kama ya mtu aliyechoshwa na kazi. Kisha udongo ukaanza kupungua mabegani, kidogo kidogo, kana kwamba unachotwa. Mikono ilipochomoka alipapasa kando, akagusa ukuta mtupu, wa baridi. Kamba ilikuwa inaning'inia usoni pake. Akajifunga, akaitikisa.

Juu, baba alivuta hadi ngozi ya viganja ikabaki kwenye kamba. Hakuachia. Fuko alipolala nyasini, akaiona ile mikono.

"Na wewe ndiye usemaye matendo si kitu?"

"Sijasema si kitu. Nimesema hayaokoi." Baba akamwinamia. "Shemeji, mle ndani ulikuwa na nani?"

"Kwa nini?"

"Miaka yote nakuvuta, uzito wako naujua. Leo mlikuwa wawili. Ulipofika mdomoni mwa kisima, kamba ikawa nyepesi ghafla."

Wakalitazama shimo. Hakuna aliyelisogelea.

Kisima kile walikifukia. Fuko aliendelea kuwachimbia wajane, ila hakuwataja tena katika ubishi. Na kabla ya kushuka popote, alikuwa anainama na kupiga hodi. Baba alishika kamba, uso ameugeuzia pembeni, akiomba kimoyomoyo asisikie mtu akiitikia "Karibu" kutoka chini.