Jembe la Posa

Asnath binti Selestini wa Ujiji alikuwa na majembe mawili. La kazi alilinunua sokoni Mwanga, na likilika alinunua jingine bila kulililia. La pili lilifuliwa na mhunzi wa Kasulu, aliyelitia alama tatu za patasi shingoni. Hilo alilitumia siku moja tu kila mwaka, siku ya kufungua shamba lake la mihogo pembeni mwa Gungu, kisha akalipaka mawese na kulirudisha uvunguni. Majirani walidhani ni uganga. Naye aliwaacha wadhani.

Lilikuwa jembe la posa. Mhunzi yule alikuwa baba yake Nikodemu, na Nikodemu alikwenda vita vya Uganda kabla mahari haijaisha. Kwa wazee wao, jembe la posa ambalo halijalima laweza kurudishwa na maneno yakaisha. Likishaingia udongoni, binti ni mke wa mtu. Asnath, kwa mapenzi yake, alilima nalo wiki ile ile waliyolileta, bila kumwambia yeyote.

Kisha zikaja habari kwamba Nikodemu kapata mwanamke huko huko vitani. Baba yake Asnath akaamuru jembe lirudishwe. Hapo ndipo Asnath angesema. Lakini alikuwa na hasira na mpenzi, na hofu kwa baba, basi akafunga jembe la dukani ndani ya kitambaa akampa mshenga. Jembe lililorudi halifunguliwi, ni mkosi, kwa hiyo wakwe walilitupa mtoni vilevile lilivyofungwa. Na yule mwanamke wa vitani hakuwapo kabisa. Nikodemu alirudi, akasikia amekataliwa, akageuza na kwenda zake jeshini. Akaoa Tabora. Asnath hakuolewa na mtu.

Ikapita miaka, hadi mwaka ule watu wa Kongo walipovuka ziwa kukimbia vita, fukwe zikajaa mabunda na watoto wanaolia. Waliokuja na silaha walijua watapekuliwa, basi wakazifukia mashambani mwa watu. Asnath alikwenda kufungua shamba lake. Pigo la tatu likagonga chuma.

Kwa bahati Gervasi, jirani yake aliyewahi kuwa mgambo, alikuwa akipita na baiskeli. Alichungulia, akarudi nyuma taratibu.

"Mama, usilinyanyue hilo jembe. Hilo ni bomu la mkono, pini imeshatoka, na jembe lako ndilo linalobana kishikio kisifyatuke likalipuka."

Akapiga pedeli kwenda kwa wanajeshi waliokuwa njiani. Asnath akabaki ameinama, mgongo ukimuuma, jasho likimwingia machoni, akiukandamiza mpini kwa nguvu zake zote.

"Mama, usitikisike. Niachie mpini polepole."

Sauti aliitambua kabla ya kugeuka. Sajenti aliyekuja na Gervasi alikuwa amenenepa kidogo na kuota mvi, lakini alikuwa Nikodemu. Alipiga magoti, akaushika mpini, na macho yake yakashuka hadi shingoni mwa jembe. Akaziona alama tatu.

"Asna," akasema. "Hili si la baba?"

"Ndilo."

"Si mlilirudisha?"

Alikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu, *nililima*.

"Toa kwanza hilo bomu. Nitakwambia."

"Haya. Nenda nyuma ya kile kichuguu ulale chini."

Alikwenda, akalala. Nikodemu aliingiza mkono chini ya jembe, akalishika bomu na kishikio chake, akainuka na kulitupa korongoni. Lakini lilikuwa bovu, likalipuka hewani kabla halijafika.

Alipona. Vipande vilimpata begani, na masikio yote mawili yakafa.

Kesho yake Asnath aliketi kando ya kitanda chake hospitalini akamweleza yote: habari za uongo, jembe la dukani, na ile wiki aliyolima akawa mke wake. Nikodemu aliyatazama machozi yake akatabasamu.

"Usinishukuru, Asna," akasema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo wasiosikia. "Ni kazi yangu."

Asnath akarudia tangu mwanzo, polepole, akionyesha kwa mikono namna ya kulima. Nikodemu akatikisa kichwa, hakuelewa. Kuandika Asnath hakujua, na nani angemwandikia jambo kama lile?

"Ila lile jembe," Nikodemu akasema, na wodi nzima ikageuka kuwatazama. "Mbona hukunijibu?"

Asnath alifungua mdomo mara ya tatu. Mlango ukafunguliwa, akaingia mke wa Nikodemu, ameshuka asubuhi ile kwenye treni ya Tabora, na chupa ya uji mkononi. Asnath akasimama, akampisha kiti.