Kanisa Lisilosiribwa

Juzi hapa Mwanza nilialikwa chakula katika mgahawa mpya ambao kuta zake hazina plasta. Zege tupu, kijivu, nyaya zimepita nje kama kamba za kuanikia nguo. Kijana wa kupokea wageni alitueleza kwa fahari kwamba ndivyo ilivyokusudiwa. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, ukuta wa barazani umelowa, na ile harufu ya saruji iliyolowana ikanipanda puani. Wenzangu walikuwa wanapiga picha. Mimi nilikuwa nimesharudi Kibimba, kule Ngara, nina miaka tisa, mikono imejaa mavi ya ng'ombe hadi viwikoni.

Nitawasimulia nyinyi, maana hawa wenzangu wa mgahawani wangenitazama kama mshamba. Na kweli ni mshamba, sikatai.

Mwaka ule kigango chetu kilikuwa kinajengewa kanisa jipya. La zamani lilikuwa la tofali za udongo na bati linalovuja, tukisali ndoo zikiwa katikati ya madhabahu na waumini. Fedha zilitoka kwa wafadhili wa mbali, na pamoja na fedha wakatuletea kijana msanifu wa majengo. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, ila alikwenda kusoma ng'ambo akarudi na michoro ndani ya bomba la plastiki, na viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Kibimba, msimu wa mvua. Mama yangu alivitazama mara moja, akaguna, akaendelea na jembe lake.

Kila familia ilichangia ilichokuwa nacho: mawe, mchanga, maji, mbao. Mama alitoa mikaratusi ya baba. Baba alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na miti ile aliipanda kwa mkono wake pembeni ya migomba. Mmoja niliufahamu kuliko yote, kwa sababu baba alikuwa akimfunga ndama pale kila jioni, na kamba ilikuwa imelila shina hadi mti ukaota nundu. Wapasua mbao walikuja na msumeno wao mrefu, mmoja akivuta juu, mwingine chini, na miti ya baba ikawa mbao. Mama hakutoka nje siku hiyo. Mbao zikapelekwa kanisani, zikasimamishwa, zege likamwagwa katikati yake, na lilipokauka zikabanduliwa. Mafundi wakazichanja kuni wakapikia ugali.

Kilichobaki kimesimama, mnisamehe, kilikuwa kituko. Kitu cha pembepembe, kijivu, kizito, na madirisha membamba ambayo hata kuku angepita kwa kujibana. Ukutani palikuwa na mistari ya mbao kila mahali, kama mtu aliyelalia mkeka akaamka na alama shavuni. Katekista wetu, mzee Leonidas, alilizunguka lote, kofia mkononi, kisha akauliza kwa upole, "Hili ni boksi lake. Kanisa lenyewe litatolewa lini?" Shangazi yangu aliyeolewa Kaniha, huko Biharamulo, alipokuja kututembelea aliuliza ni nani amefungwa mle.

Sasa lazima mwelewe jambo moja kuhusu sisi. Nyumba kwetu haiitwi nyumba mpaka isiribwe. Mwanamume atasimamisha miti, ataezeka, atajisifu kilabuni, lakini ni wanawake wanaokuja na samadi mbichi, majivu na udongo laini, wakazikanda pamoja na kuupaka ukuta kwa viganja hadi uteleze. Juu wanamalizia na ingwa, ule udongo mweupe wa bondeni. Mgeni mkubwa akikukuta na ukuta usiosiribwa, ni sawa na kukukuta umevaa nguo ya ndani tu. Na mgeni mkubwa alikuwa anakuja. Askofu angebariki kanisa Jumapili.

Akina mama walikutana nyumbani kwetu, maana mama ndiye alikuwa kiongozi wao katika kazi hiyo. Hukumu yao ilikuwa ya huruma tupu. "Fedha imewaishia, maskini," alisema mama, "na yule kijana anaona haya kusema. Tumsitiri."

Basi wakaenda kumsitiri. Siku nzima ya Alhamisi tulibeba samadi kwa karai, sisi wasichana tukikanyaga mchanganyiko kwa miguu huku tukiimba, mama zetu juu ya ngazi. Kufikia jioni kanisa lilikuwa la kahawia chini, jeupe juu, na katikati mama alikuwa amepitisha mchoro wake wa msharazari, ule aliouweka kwenye nyumba yetu. Harufu ilikuwa ya zizi, ndiyo, lakini kwetu hiyo ni harufu ya nyumba mpya. Mzee Leonidas alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu msingi uchimbwe. Mimi nililala nikiamini tumejenga kanisa zuri kuliko yote mkoani.

Ijumaa kijana akaja. Hata shikamoo hakuitoa, akapita wazee wote kama anapita nguzo za umeme. Alisimama mbele ya ukuta, mdomo wazi.

"Nani amepaka kinyesi ukuta wangu?"

Ukuta wake. Mawe yetu, mchanga wetu, mbao zetu, ukuta wake. Mama alijifuta mikono kwenye kanga akamwambia, "Ni sisi, mwanangu. Usijali, hata sisi hupungukiwa." Kijana alicheka kicheko kibaya, kisha akatufundisha pale pale, watu wazima wamesimama juani, kwamba zege lile liliachwa wazi kwa makusudi, kwamba huko duniani watu husafiri kwenda kuona majengo ya namna hiyo, kwamba ukuta lazima useme ukweli. Sisi Kibimba hatukuwahi kusikia ukuta ukisema, isipokuwa siku unapoanguka. Akamalizia kwamba uchafu ule utoke kabla ya Jumapili, la sivyo atamweleza askofu ni nani aliyeharibu.

Mzee Leonidas aliinamisha kichwa, akaomba akina mama waoshe. Wengi walikusanya karai zao wakaondoka kwa hasira, na walifanya vizuri. Mama alibaki, kwa kuwa yeye ndiye aliyewaita. Nilimchotea maji, yeye akasugua kwa tambara, na mchoro wake ukateremka ukutani ukaishia kwenye matope. Nilimchukia yule kijana kwa moyo wangu wote, na kusema kweli bado sijamaliza.

Tulipofika upande wa bondeni, mama aliacha kusugua. Aliweka kiganja ukutani, akakaa hivyo. Nilipomtazama, machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti. "Mama, twende," nilisema. Alimalizia sehemu ile polepole sana, kwa ncha ya kanga yake, kama anayemnawisha mtoto uso. Kisha kila Jumapili, miaka yote, misa ikiisha alikwenda kukaa upande ule, mgongo ukutani. Nilidhani anafanya toba. Nikakua na kisa hicho kooni: kwamba walimdhalilisha mama yangu kwa ajili ya ukuta mbaya, na ukuta umebaki.

Krismasi iliyopita nilikwenda kumlipizia. Kamati ya kigango ilikuwa imechoka na kijivu, nami nikaja na fundi, plasta, na rangi ya maziwa. Pande tatu zikapendeza. Fundi alipohamia upande wa bondeni alimkuta mama amekaa kwenye kigoda, na haondoki.

"Mama, shikamoo. Tunaomba nafasi."

"Marahaba. Huku hapana."

Nilikuja mbio, nikamkumbusha kwa ukali jinsi walivyomfanyia pale pale. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akanishika mkono, akauweka ukutani, usawa wa bega lake.

"Hapa ndipo baba yako alipokuwa akimfunga ndama," alisema.

Vidole vyangu viliikuta. Mistari ya mbao ilikuja imenyooka, halafu ikajikunja ikazunguka mviringo mmoja mkubwa, mahali nundu ilipokuwa, na katikati palikuwa na kovu la kamba. Mti ulishapasuliwa, mbao zilishateketea chini ya sufuria za mafundi, na zege lile baya lilikuwa limeshika kila kitu. Nilimwambia fundi afunge ndoo zake.

Kwa hiyo sasa kanisa lina pande tatu za rangi ya maziwa na upande mmoja wa kijivu, na linachukiza kuliko zamani. Vijana wanaotoka Nyamiaga husimamisha pikipiki wakapiga picha ule upande mmoja, wakirudia maneno ya yule mwenye viatu vyeupe, na mimi nikiwapo huwaambia usoni kwamba hawana macho. Mama husogea pembeni kidogo tu, asiwazibie.

Siku ile ya matambara mimi nilimwona mwanamke aliyeaibishwa mbele za watu. Yeye alikuwa amekutana na mume wake.