Televisheni Yenye Homa

Nimemnyang'anya binti yangu simu, ya moto kama kiazi kilichotoka kwenye majivu. Gemu gani hili linalokulazimisha kutazama matangazo ndipo ufufuke? Upuuzi mtupu! La kwetu pale Rwamishenye, la kuchomeka kwenye televisheni, lilikupa roho tatu tu, zikiisha umekwisha.

Baba alitukataza, mimi na dada yangu, kulicheza siku za shule. Ambaye angekamatwa angemalizia likizo nzima kwa bibi, Muleba, akichuma kahawa. Siku moja ya shule nilicheza peke yangu. Niliposikia baiskeli yake nilizima, nikafunika mgongo wa televisheni kwa jani bichi la mgomba ili upoe. Jani likanywea, likaanza kunukia kama ndizi zinazoiva chunguni.

Baba aliingia, akaweka kiganja juu ya televisheni.

"Ina homa hii, mpaka mmeivika jani," alisema. "Nani kaiambukiza?"

Dada yangu alikuwa jikoni anamenya ndizi, hajui lolote.

"Ni yeye, tata," nikamwambia baba, nikionyesha jikoni.

Baba hakuuliza mara mbili. Shule zilipofungwa, dada alifunga nguo zake kwenye mfuko, akanipa mkono wa kwaheri kama anayemuaga mgeni.