Mguu Uliobaki kwenye Mlingoti

Saa moja asubuhi, katika zizi moja nje ya kijiji cha Wytsum, jimbo la Friesland, Uholanzi, Gerbrich Wiersma amepiga goti nyuma ya ng'ombe na kumwambia maneno yasiyofaa kuchapishwa gazetini. Ng'ombe amebanwa ndani ya kizimba cha chuma, mguu wake wa nyuma umeinuliwa kwa kamba. Grenda inanguruma, na vipande vya kwato vinaruka kama maganda ya viazi.

"Tulia, bibi wee," anamwambia. "Nyie wenye miguu minne ndio mnaolalamika kuliko wote."

Gerbrich, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mkata kwato. Ana mguu mmoja wa kuzaliwa nao na mwingine wa bandia, kuanzia chini ya goti. Jumamosi huwa mrukaji. Anakimbia kwenye gati la mbao, anaudaka mlingoti uliosimama mferejini, anaukwea huku ukiinamia ng'ambo, kisha anajitupa mchangani. Anayetua mbali ndiye mshindi. Anayechelewa kukwea analowa.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya mvua, kizimba hiki hiki kilichomoka kwenye trekta kikamwangukia.

"Daktari alizungukazunguka na maneno," anakumbuka. "Nikamwambia, bwana, hii ni kazi yangu pia. Sema tu unakata wapi."

Alikaa miezi tisa bila kazi. Yeye na mumewe, Eelke, dereva wa lori la maziwa, waliishi kwa mshahara mmoja. "Tulikula viazi mpaka viazi vikatuzoea," anasema Eelke.

Kazini alirudi bila makuu. Kwato la ng'ombe lina kucha mbili, na moja ikiuma, mkata kwato hugundisha kibao chini ya ile nzima ili yenye maumivu ipumzike. Mkulima wa kwanza kumwona Gerbrich akichechemea alimuuliza kama na yeye agundishiwe kibao.

"Nilimpenda sana mzee yule," anasema.

Kwenye mlingoti mambo yalikuwa mengine. Kukwea hakukumshinda. Warukaji hujifunga tyubu ya baiskeli miguuni wasiteleze, naye aliufunga mguu wa bandia vivyo hivyo. Waliomshinda ni watu.

Wytsum, mtu akianguka majini huchekwa. Ndiyo desturi, na anayeiongoza ni Hylke Postma, mfugaji mwenye tumbo kubwa na ulimi mrefu, ambaye ndiye mtangazaji wa mashindano. Kabla ya ajali, Gerbrich aliwahi kuitwa na Hylke kwa kipaza sauti "gunia la mbolea lililokosa mwenyewe", naye alicheka na wenzake.

Siku aliyorudi na mguu wa bandia, alianguka katikati ya mfereji. Hakuna aliyecheka.

"Nilisikia bata tu," anasema. "Bibi mmoja akaja na blanketi. Halafu Hylke, Hylke huyu huyu, anasema tumpigie makofi kwa ujasiri wake. Nilitaka kumlisha kile kipaza sauti."

Hujafa hujaumbika, ndivyo macho yao yalivyokuwa yakisema. Hospitalini hakulia. Siku ile alilia garini, amejifunika blanketi la watu.

Tangu hapo alitaka kitu kimoja: kuingia timu ya kijiji kwa haki yake, bila mtu kumsukuma kwa huruma. Anayetaka nafasi lazima aruke mita kumi na mbili mbele ya mwamuzi kabla msimu haujaisha.

Jumamosi iliyopita alikimbia, akadaka, akakwea hadi juu kabisa. Akajirusha. Tyubu nayo ilikuwa imenata kupita kiasi. Gerbrich akaenda, mguu ukabaki.

Alitua mchangani kwa makalio. Mguu ulining'inia juu ya mlingoti na kiatu chake, kisha ukaachia na kudondoka majini, chubwi.

Mwamuzi, Tjitske Bouma, mwalimu mstaafu asiyependa utani, alipima. Mita kumi na mbili na kitu. Akafunga kamba yake, akasita. Kwa kanuni za klabu, kiatu kikidondoka majini mruko ni halali. Mguu ukigusa maji, ni sufuri.

"Mama mwamuzi," Hylke alisema kwa kipaza sauti, "sema ni kiatu, kahawa inapoa."

"Kiatu! Kiatu!" ukingo mzima ukaitikia.

Tjitske akamwinamia. "Gerbrich, we mwenyewe unasemaje? Kiatu au mguu?"

Nafasi aliyoisubiri miaka miwili ilikuwa mkononi. Angesema neno moja tu. Lakini miaka hiyo hiyo miwili alikuwa akiwaambia watoto wa ndugu zake, na kila aliyeukodolea macho dukani, kwamba ule ni mguu wake.

"Ni mguu wangu," alisema. "Umelowa. Andika sufuri."

Hylke akakohoa.

"Ndugu watazamaji, Gerbrich amefika ng'ambo na ameanguka majini, yote kwa mruko mmoja. Mwenye wavu wa samaki asogee. Mwenye huruma akae nayo nyumbani, huyu ameikataa."

Aliyeanza kucheka alikuwa bibi wa blanketi. Alicheka mpaka akaketi kwenye nyasi, na kijiji kizima kikamfuata. Tjitske aliwapa kisogo, lakini mabega yake yalimsaliti. Gerbrich alikaa pale pale mchangani, akicheka na machozi yakimtoka, na safari hii hakuyaficha.

Asiyekubali kushindwa si mshindani, lakini Gerbrich amekubali mara moja tu. Jumamosi hii ni shindano la mwisho la msimu. Akikosa, atasubiri mpaka kiangazi kijacho. Eelke amemshonea mkanda wa kubana mguu kiunoni, kutokana na hatamu kuukuu ya ng'ombe. Bado una harufu yake.

Zizini, anafungua kizimba. Ng'ombe anatoka taratibu, anajaribu mguu, kisha anatembea kama aliyesahau kila kitu.

Na akianguka tena?

"Watanicheka, kama wanavyomcheka kila mtu," anasema, akifuta grenda kwa kitambaa. "Raha yake nimeshaipata. Ila nimewachekesha vya kutosha. Jumamosi hii nataka Hylke akose la kusema."