Tarumbeta Mgongoni kwa Mama Saulo

Mbalizi kuna watu watakwambia hakuna kitu cha kufanya zaidi ya kuuza, kula, kwenda msibani na kulala. Waongo. Hawajawahi kusimama nyuma ya maghala ya viazi jioni, jua likiwa linazama, wakamsikia Yusta Nzowa anaitafuta fa, ile ya do re mi.

Yusta, Mama Saulo kwa mtaa mzima, anauza viazi sokoni. Ana miaka arobaini na sita, mume anayeitwa Fred, watoto walioshaondoka nyumbani, magoti yanayolalamika kila baridi ikiingia, na tarumbeta. Hilo la mwisho ndilo linalowakera watu. Mama wa umri wake akiwa na kikoba, sawa. Akifuga kuku wa kisasa, hongera. Akiwa na tarumbeta, watu wanataka kujua kapatwa na nini.

Hajapatwa na kitu. Anapenda tu. Mtu mzima haruhusiwi kupenda kitu mpaka kilipe?

Ilianza hivi. Yusta ni Mmoravian, na asubuhi ya Pasaka ushirika wao unaamkia makaburini. Watu wanatoka majumbani kabla hakujapambazuka, wanasimama katikati ya makaburi ya ndugu zao, halafu matarumbeta yanapigwa ili walio hai na walio chini wote wajue Bwana amefufuka. Kwaya siku hiyo inafuata tu. Wenye kazi ni matarumbeta.

Sasa kuna mwaka mmoja Yusta alikuwa pale na kwaya ya akina mama, akasikia wimbo una shimo. Sauti ya kwanza ipo, ya pili ipo, besi linanguruma, ila katikati hamna kitu. Mzee aliyekuwa akipiga sauti ya tatu alikuwa amehamia kwa mwanawe Mafinga, na tarumbeta lake likatupwa stoo ya kanisa. Wengine hawakugundua. Yusta aligundua, na ikamkaa rohoni. Wimbo bila sauti ya tatu ni kande bila maharage: unatafuna, ila unatafuna nini?

Akamfuata kiongozi wa matarumbeta, Mzee Rabson, mstaafu wa reli, mtu asiyecheka bila sababu ya maandishi.

"Mzee Rabson, naomba lile tarumbeta la stoo."

"Unataka kuotesha maua?"

"Nataka kupiga."

Rabson alimwangalia kama mtu anayeangalia treni iliyopita kituo bila kusimama. "Mama Saulo, lile lina matundu. Na wewe pumzi yako ni ya kuitia wateja."

"Matundu nitaziba. Pumzi utaisikia mwenyewe."

"Haya, likizibika njoo." Alisema hivyo ili aondoke.

Yusta hakuondoka. Yaani aliondoka, ila na tarumbeta.

Alianzia kwa fundi wa mageti hapo hapo Mbalizi. Fundi akaligeuza, akakuna kichwa, akachukua fimbo ya kuchomelea. Yusta akamnyang'anya mzigo wake kabla cheche haijaruka. Wiki hiyo hiyo akapanda basi la Iringa kwa mdogo wake aliyeolewa Kihesa. Walipomaliza kusalimiana kamwene na nyumba nzima, mdogo mtu akampeleka mjini kwa Mzee Taherali, anayetengeneza vyerehani, majiko ya mafuta na kila kitu cha chuma kilichokata tamaa.

Taherali akavaa miwani. "Mama, hii chombo ya muziki. Mimi fundi ya cherehani."

"Shaba ni shaba, mzee."

"Hiyo kweli." Akacheka, akawasha moto. Alifanya kazi taratibu, tundu moja baada ya jingine, akipiga msasa kama anayepangusa uso wa mtoto. Mwisho akashika kijibomba kimoja kifupi kilichopinda, akakivuta, kikatoka. Akakisukuma, kikaingia. "Na hii? Inatoka, inaingia. Ndiyo ilivyo au imelegea?"

Yusta ni mtu wa magunia. Kwake kitu kinachocheza ni kitu kitakachomwagika barabarani. "Funga, mzee. Kila kinachocheza, funga."

"Una hakika?"

"Funga."

Taherali akafunga, akalehemu vizuri, hata unywele haupiti. Tuseme tu mapema: hapo mama wa watu alikosea. Kijibomba kile ndicho mpigaji anachokivuta au kukisukuma ili sauti yake ishuke au ipande ilingane na wenzake. Yusta alikuwa amelifunga tarumbeta lake lisiweze kukubaliana na mtu yeyote.

Rabson alipoona, alishika kiuno. "Nani kafanya hivi?"

"Mimi ndiye niliyesema lifungwe."

"Limekuwa na kiburi kama mwenyewe." Ila neno lake alikuwa ameshalitoa, tarumbeta limezibika, na Mmoravian mzee hali neno lake mbele ya watu. Akampokea. Mazoezini ikabidi wengine wote wavute na kusukuma vya kwao wamfuate Yusta, maana yeye hasogei. Vijana wakanuna. Rabson akasonya. Mambo yakaenda.

Mambo kwenda haina maana mama alijua kupiga. Do re mi alikuwa anazisoma vizuri, kwaya ilikuwa imemfundisha, ila midomo ilikuwa haijui. Miezi ya kwanza alitoa sauti ambazo soko zima lilizipa majina.

"Mama Saulo, jana ulikula maharage?" akina mama wa nyanya wanamwuliza.

"Nilikula. Nikikosa nitakuja kwako."

Nyumbani Fred naye. "Humu ndani kuna ng'ombe anazaa. Mwambie atoke nje, mimi naangalia mpira."

"Toka wewe. Mpira hauhitaji wewe uwepo."

Akawa anapulizia nyuma ya maghala. Kuna mtu akamrekodi, video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp na vikaragosi vya kulia kwa kicheko, ikafika mpaka Mgololo ambako Saulo, mtoto wake wa kwanza, anafanya kazi. Saulo akapiga simu.

"Mama, wenzangu kazini wananionyesha wewe."

"Wanasemaje?"

"Wanacheka."

"Mwanzo au mwisho? Maana mwisho nilikosea fa. Mwanzo nilikuwa sawa."

Kijana akacheka mwenyewe. "Mwanzo ulikuwa sawa, mama."

Hicho ndicho watu hawaelewi. Wanadhani furaha ni sherehe. Kwa Yusta furaha ilikuwa jioni moja ya kawaida, mikono ina udongo wa viazi, miguu inauma, halafu fa ikatoka. Safi, nene, ikasimama hewani bila kutetemeka. Akaipiga tena, ikatoka tena. Akafunga biashara, akapika, akala, akalala akiwa anatabasamu kama mtu aliyeficha kitu. Hakuna aliyempigia makofi. Kwani lazima?

Pasaka ikakaribia. Kwenye zoezi la mwisho Rabson akamsimamisha mbele ya wote.

"Mama Saulo, nisikilize. Makaburini ndipo penye mtihani. Pale watu wanalia, wanawakumbuka wazazi wao. Ukituharibia pale, unarudi kwaya ya akina mama, tarumbeta linarudi stoo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

"Usije ukasema nilikuonea."

"Nitapiga, Mzee Rabson. Wewe ongoza tu."

Asubuhi yenyewe ilikuwa na baridi la Mbeya la mwezi wa nne, manyunyu mepesi na ukungu uliokaa juu ya makaburi kama umelipia kiwanja. Yusta hakutaka kitu kiharibike. Alilifuta tarumbeta, akalikagua, halafu akafanya jambo ambalo mama yeyote wa kule angelifanya kwa kitu anachokihofia baridi: akalibeba mgongoni. Akalifunga kwa kitenge, kitako chini, mdomo mpana juu begani, akaweka sweta, akajitanda na blanketi la kimasai. Ukubwa wake ni wa mtoto wa miezi sita. Bibi mmoja njiani aliuliza, "Hongera jamani, wa kike au wa kiume?"

"Wa sauti ya tatu," Yusta akajibu, akapita.

Mchungaji akachelewa. Wapigaji wenzake Yusta walisubiri katikati ya makaburi wakiwa na matarumbeta mikononi, manyunyu yakiyadondokea, shaba ikipigwa na upepo. La Yusta lilikuwa limelala mgongoni, linapata joto la mama na la sweta. Alijiona mwenye akili kuliko wote.

Mchungaji akafika, akasema maneno machache, Rabson akainua mkono. Yusta akalifungua, akalipeleka mdomoni. Wakapiga.

Loo! Ilikuwa kama paka amekanyagwa mkia kwenye ibada. Sauti yake ilikuwa juu ya wenzake, si sana, kidogo tu, ila kidogo hicho ndicho kinachouma meno. Watu waligeuka. Kijana mmoja wa sauti ya pili alicheka puani. Yusta akakaza midomo, akapiga tena, ikawa vile vile. Rabson akakata hewa kwa mkono, wimbo ukasimama.

"Mama Saulo," alisema, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, "kaa pembeni."

"Mzee Rabson, hii noti naijua."

"Kaa pembeni. Ibada haingoji."

Wakaanza upya bila yeye. Wimbo ukapanda ukiwa na shimo lake lile lile katikati, na Yusta akasimama pembeni, uso unawaka, akijua stoo ya kanisa imeshafunguliwa mlango. Angeweza kulia. Pale hakuna ambaye angeshangaa, kila mtu alikuwa analia. Ila Yusta hakuwa na muda huo. Alijiuliza: jana nilikuwa sawa, leo nimefanya nini ambacho jana sikufanya? Midomo ni ile ile. Noti ni zile zile.

Akanyoosha mkono akagusa tarumbeta la jirani yake, kijana akiwa anapiga, na Yusta akashtuka. La baridi kama bomba la maji alfajiri. Akagusa la kwake. La moto kama mtoto aliyetoka kulala.

Akaelewa. Kitenge. Shaba ikipoa sauti inashuka: wengine wote baridi imewashusha, yeye peke yake amebaki juu na joto lake. Mtu mwingine angevuta kijibomba ashuke alipo mwenzake. Cha kwake Taherali alikilehemu kwa amri yake mwenyewe. Na kuwaambia wote wampandie yeye, ibada imeshaanza? Thubutu.

Basi lazima libembelezwe na baridi. Pembeni yake kulikuwa na kaburi la saruji, limelowa, limepoa kama jiwe la mtoni. Yusta akalilaza tarumbeta juu yake, akaligeuza tumbo, akaligeuza mgongo.

Mama mmoja wa kwaya akamvuta blanketi. "We Mama Saulo! Hilo kaburi la Mzee Liberatus!"

"Naliazima kidogo."

"Una wazimu?"

"Mzee alikuwa mtu wa kwaya. Hatakataa."

Akavua blanketi. Akavua sweta. Hayo hayakuwa na faida yoyote kwa tarumbeta, ila aliona aibu kulitesa peke yake. Alisimama na gauni jepesi, anatetemeka, mkono juu ya shaba, anasikiliza. Wimbo wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaanza, akalipulizia pumzi ndogo, sauti ya kunong'ona ambayo yeye tu aliisikia: bado iko juu. Akalirudisha kwenye saruji. Wa pili nao ukampita, na ndio aliokuwa anaupenda kuliko zote. Uliuma huo. Aliuacha upite.

Mwisho wa wimbo wa pili akalinong'oneza tena. Imekaa.

Hakuomba ruhusa. Angeomba angekataliwa, na ingekuwa haki. Rabson alipoinua mkono kwa wimbo wa tatu, akamwona mama amesimama mahali pake kwenye mstari, hana sweta, mashavu yameshajaa pumzi. Mkono wa Rabson ukabaki juu kidogo zaidi ya kawaida. Makaburi yote yakasubiri. Halafu akaushusha.

Yusta akaingia. Haikulia. Haikukwaruza. Ilikaa katikati kama mtu aliyerudi kwenye kiti chake, na wimbo ukajaa mpaka chini, mpaka yule kijana aliyecheka puani akageuka akitafuta ni nani anayeishika sauti yake mkono. Wakapiga wa tatu. Wakapiga wa nne. Kwenye wa tano ikaja ile fa, ndefu, ya kushikilia mpaka kwaya imalize maneno. Akaishikilia huku meno yanataka kugongana. Ukungu ukawa unaanza kukatika na watu wakaanza kuonana nyuso.

Ibada ilipoisha watu wakaanza kupeana mikono na kusambaa makaburini kwa wafu wao. Yusta alikuwa anatafuta sweta lake Rabson alipomfikia.

"Ulifanya nini pale?"

"Nililibeba mgongoni likapata joto. Nikalipoza."

"Juu ya mzee wa watu?"

"Juu ya mzee wa watu."

Rabson alikuna kidevu. Alitazama lile tarumbeta, akatazama kijibomba kilicholehemiwa, akasonya. "Hicho tutakifungua. Nitakipasha moto mwenyewe, usimpe fundi wa mageti."

"Sawa."

"Na leo umekosa nyimbo mbili."

"Nimekosa mbili. Tatu nimepiga."

"Nimesikia." Akakohoa. "Mazoezi Jumamosi, saa tisa."

"Saa tisa soko limejaa, Mzee Rabson. Saa tisa nauza."

Mzee akamwangalia. Vijana wa matarumbeta walikuwa wamesimama nyuma yake, midomo wazi, wanasubiri amlipukie.

"Saa kumi na moja, basi," akasema Rabson, akawageukia vijana. "Mmesikia? Saa kumi na moja. Na asichelewe mtu."