Mkono Alioukalia

Nimefundisha kinanda hapa Mangobo miaka mingi, na nasema bila haya: mtoto wa kunishinda hajazaliwa. Wengine huletwa wakilia, wengine hujificha kwenye vitenge vya mama zao, wengine huniambia usoni kwamba wao wanataka mpira. Sibembelezi, wala sigawi pipi. Kinanda changu ni kile cha zamani cha kanisani kisichojua umeme: unakanyaga pedali mbili, mifuko iliyo tumboni mwake inajaa upepo, kinaimba. Mtoto namkalisha kwenye benchi, kushoto kwangu, nakanyaga, namwambia abonyeze kibao cha mwisho kabisa, kile cha sauti nzito. Kinatoa mlio wa kiboko aliyeshiba. Mtoto anacheka, na akishacheka ni wangu.

Huyu hakucheka.

Alikuja Jumamosi mchana na bibi yake, ambaye sisi wa Kisangani tunamwita koko. Binti wa miaka sita hivi, gauni limepigwa pasi, nywele zimesukwa mpaka macho yamevutika. Koko ni mtu wa desturi, anajua mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo alimkabidhi mjukuu kichane cha ndizi mbivu anipe mwenyewe mlangoni. Mtoto akaninyooshea, tena kwa tabasamu. Nami, kabla hata ya kusema karibu, nikarudisha mkono wangu nyuma.

"Mukono gani hiyo, mama? Unapatia mukubwa kitu na mukono ya kushoto?"

Nilimwambia mtoto kama anavyosema kila mtu mzima hapa kwetu, bila hasira, jinsi unavyomwambia mtoto afute pua. Mkono wa kushoto hautoi wala haupokei. Akahamishia ndizi kulia, nikapokea, nikashukuru, nikaziweka kwenye meza kando ya kinanda. Nilijiona nimemlea vizuri.

Tukaketi, koko kwenye kiti karibu na dirisha, mtoto kwenye benchi pamoja nami. Koko akaanza kunieleza habari za mtoto mbele yake mwenyewe, utadhani hana masikio. Baba wa mtoto, mwana wa koko, ni mvuvi huko Barumbu, chini mtoni. Alimleta bintiye mjini akae kwa koko, asome. Lakini shuleni haandiki. Anakaa tu.

"Mwalimu wake anasema iko kichwa nguvu," koko alisema. "Papa yake naye amechoka. Anasema kama hasomi, arudi, akaushe samaki. Siku ya ine boti inashuka. Mimi nikasema, bon, nijaribu kitu moja ya mwisho, sababu ku nyumba anapiga-piga kila kitu, sahani, ndoo. Akishika kitu hapa kwako, Madame, nitapata neno ya kumwambia papa yake. Akikatala, basi."

Siku ya nne, yaani Alhamisi. Nikamwambia koko asiwe na wasiwasi, mtoto hatapanda boti yoyote. Nilisema hivyo nikiwa nimeegemea kinanda, mtaalamu kamili.

Kiboko wangu hakufua dafu. Nikajaribu wimbo wa watoto, nikaimba do re mi kwa sauti ya jogoo, nikajifanya nimesahau vibao ili anisahihishe. Wapi. Nikaushika mkono wake wa kulia nikauweka juu ya kinanda. Ukalala pale kama samaki wa juzi, na nilipouachia ukateremka magotini. Ule wa kushoto sikuuona. Alikuwa ameukalia, nikadhani ni namna yake tu ya kukaa.

Nusu saa ikapita hivyo. Hasira zangu haziko mbali, wanaonijua wanajua.

"Mama, mimi si ukuta," nikamwambia. "Unataka kurudi Barumbu?"

Akatikisa kichwa, hapana, polepole, na chozi likamteremka hadi kidevuni. Hapo nikajichukia. Mtoto alikuwa anataka kubaki, anataka kabisa, na bado hagusi kitu.

Nikaacha kumfundisha. Nikapiga wimbo wa kuchezeka ili nipoe mwenyewe, kwa mkono wa kulia peke yake, maana wa kushoto nilikuwa najipepea nao. Ndipo nikasikia kitu kwenye benchi. Sikukisikia kwa masikio, nilikisikia kwa makalio, niseme ukweli. Du, du. Du, du. Vidole vilikuwa vinagonga ubao chini ya paja lake, na viligonga pale pale ambapo mkono wangu wa kushoto ungetakiwa kubonyeza sauti nzito. Nikakatiza wimbo, vikanyamaza. Nikaendelea, vikaanza tena. Nikaharakisha, navyo vikaharakisha. Nikachelewa makusudi, nikamtega, na vidole vikaningoja. Katika kwaya yangu kuna watu wenye wajukuu ambao mpaka leo hawajui kungoja.

Nikamwuliza koko mtoto anapenda kushika kalamu kwa mkono gani.

"Ile mubaya," koko akasema. "Ku masomo wanamuondolea kalamu, wanaiweka ku mukono ya kuume. Na mimi vilevile ku nyumba, na kijiko. Samaki mukunje ingali mbichi, Madame."

Nikageuka nikazitazama zile ndizi mezani. Shuleni walikuwa wamemkunja, koko amemkunja, na mimi bingwa nimemkunja mlangoni kabla hajavuka kizingiti. Hakuwa na kichwa kigumu hata kidogo. Alikuwa ametutii sote: mkono mbaya ameuweka mahali ambapo hautamkosea mtu. Niliona aibu, na kwa umri wangu aibu haishuki upesi.

Sasa, mtu mzima kumwomba radhi mtoto si jambo unaloliona kila siku kwetu, tena mbele ya bibi yake. Lakini kinywa changu kikikosa, kinajua pia kurudi.

"Mama," nikamwambia, "ule mukono ulinipatia ndizi nayo, mimi niliukatala. Nilikosa. Unisamehe." Nikamnyooshea mkono wangu wa kushoto, kiganja wazi. "Sasa niko na njaa. Unipatie ndizi moja. Na mukono ule ule."

Akamtazama koko. Koko alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Mtoto akajiinua kidogo, mkono ukatoka, una alama za ubao kwenye ngozi. Akachomoa ndizi moja, akanipa. Nikaipokea kwa kushoto, nikaimenya, nikaila yote mbele yao bila haraka, nikasema ni tamu.

"Bon, kazi," nikasema. Nikamwonyesha vibao viwili vya sauti nzito, kule mwisho, mahali ambapo mkono wake wa kushoto ulifika bila kujinyoosha. "Hapa ni kazi ya mukono hiyo, hakuna ingine inaiweza. Mimi nitakanyaga, nitapiga wimbo huku juu. Wewe unanibeba. Ukiniachilia, ninaanguka."

Nikaanza. Du, du. Hakuniangusha hata mara moja. Nikamtega tena, nikachelewa. Akaningoja, na safari hii akanitazama usoni kuona kama nimejua kwamba ameningoja. Nilijua, na nilifurahi mpaka nikakosea kibao mimi mwenyewe. Wimbo ulipoisha nikaondoa miguu kwenye pedali.

"Tena," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza tangu waingie.

Tukarudia hadi nyonga zikaniuma. Kiboko naye alimchekesha hatimaye, alipokibonyeza mwenyewe kile kibao cha mwisho, kwa mkono anaoujua. Lakini koko alikuwa bado amejiziba mdomo kwa kitenge. Mtoto nilikuwa nimempata, hilo halikuwa na shaka. Koko sikuwa na uhakika naye, na boti ilikuwa mikononi mwa koko.

Wakati wa kuondoka, koko alisimama mlangoni akitafuta kandambili zake kwa mguu. Mtoto akauona mkoba wa bibi yake umebaki kitini, akaukimbilia, akamletea. Kwa kushoto. Alipomfikia akakumbuka, akasita, akaanza kuuhamishia upande wa pili.

"Acha," koko akasema. "Leta vile vile."

Akaupokea. Kisha palepale mlangoni akatoa simu ndani ya mkoba huo, akampigia mwanawe Barumbu. Alizungumza kwa sauti kubwa, kama mtu asiyeiamini simu, kwa hiyo mtaa mzima ulisikia.

"Siku ya ine usiende kungoja boti," akamwambia. "Hapana, kuandika hajaandika. Ni sisi tulimunyanganya mukono."